Maisha ya Charles Riley, mtu wa koksineli



Wakati wa mvua, ukiingia katika bustani yoyote ya hapa Likasi, ku Kikula ao ku Panda, utaona kidudu kidogo cha mviringo, hakizidi punje ya kunde. Mgongo wake ni mwekundu ao wa rangi ya chungwa, una madoa meusi. Ukimshika anakunja miguu, anajifanya mfu, na anakuachia ku kidole maji ya njano yenye harufu mbaya. Katika somo la biolojia tunamwita koksineli. Watoto wanacheza naye. Watu wakubwa wengi wanamponda, sababu wanafikiri ni yeye anayekula mboga zao.

Lakini uko mwaka mmoja ambapo koksineli 129 tu walitosha kuanzisha kazi iliyookoa michungwa ya California, kule Amerika. Si hadithi ya kutunga. Na nyuma ya vidudu hivyo kulikuwa mtu aliyetumia maisha yake kuuliza maswali mawili: mdudu huyu anaishi namna gani, na adui wake ni nani? Jina lake Charles Valentine Riley. Alikufa zamani, mwaka 1895, lakini kazi aliyoianza inatugusa hata sisi tunaokula bukari na sombe.

Kijana asiye na iniversite

Riley alizaliwa London, Uingereza, tarehe 18 Septemba 1843. Sehemu ya utoto wake aliipitisha Walton, kando ya mto Thames. Huko njo alianza kukusanya wadudu na kuwachora. Baadaye alitumwa kusoma Dieppe katika Ufaransa, kisha Bonn katika Ujerumani. Akajua Kifaransa na Kijerumani vizuri, na mkono wake wa kuchora ukazidi kuwa hodari. Lakini hakuendelea mpaka iniversite. Alipokuwa na miaka 17 alipanda meli kwenda Amerika kutafuta maisha.

Alifika katika jimbo la Illinois, akafanya kazi ku shamba la mtu, fasi inayoitwa Kankakee. Kazi yenyewe ilikuwa ya jembe na ya ng'ombe. Pale aliona kwa macho yake jinsi mkulima anavyopanda, anapalilia, anangoja, halafu wadudu wanakuja na kula jasho lake kwa siku chache tu. Tangu siku zile hakuwaangalia tena wadudu kama mchezo wa mtoto.

Kisha alikwenda Chicago, akapata kazi katika gazeti la wakulima lililoitwa Prairie Farmer. Aliandika habari za wadudu na kuchora picha zao yeye mwenyewe. Wakulima walimwandikia barua kumwuliza, naye aliwajibu. Mwaka 1864 aliingia jeshini kwa miezi michache, wakati Waamerika walikuwa wanapigana wao kwa wao juu ya utumwa. Aliporudi alishika tena kalamu yake.

Mwaka 1868 jimbo la Missouri lilimwita kuwa mtaalamu wake wa wadudu. Alikuwa na miaka 24 tu. Kwa miaka 9 alitembea katika mashamba, alifuga wadudu ndani ya vyombo, aliangalia yai linapasuka siku gani, mtoto anakula nini, anageuka lini, mkubwa anataga wapi. Kila mwaka alitoa ripoti moja, jumla ripoti 9, zenye picha alizochora yeye. Charles Darwin, mtaalamu mkubwa wa Uingereza, alizisoma ripoti hizo na kuzisifu. Angalieni: huyu ni mtu asiyepita iniversite. Shule yake kubwa ilikuwa macho, daftari na uvumilivu.

Nzige na zabibu

Kati ya mwaka 1873 na 1877, nzige wengi sana walishuka kutoka Milima ya Rocky na kuharibu mashamba ya majimbo mengi. Ilikuwa kama yale mapigo tunayoyasoma katika kitabu cha nabii Yoeli. Riley alichunguza fasi nzige walizotaga na wakati wa kuwazuia. Tena alifanya jambo lililowashangaza Waamerika: mwaka 1875, katika mji wa Warrensburg, aliagiza karamu ya nzige waliopikwa, akala, na wengine wakala pamoja naye, ili kuonyesha kwamba mtu mwenye njaa asife na chakula kiko mbele yake. Sisi hapa Katanga, tunaojua utamu wa viwavi na kumbikumbi, hatuwezi kushangaa sana. Mwaka 1877 serikali iliunda tume ya kuchunguza nzige, na Riley akawa mkubwa wake.

Wakati ule ule mizabibu ya Ufaransa ilikuwa inakufa. Kidudu kidogo sana kilikuwa kinafyonza mizizi yake chini ya ardhi. Riley na mtaalamu Mfaransa, Planchon, walihakikisha kwamba kidudu hicho kilitoka Amerika. Tena Riley aliona kwamba miti fulani ya zabibu ya Amerika inakivumilia. Basi wakulima walichukua shina la Amerika na kulipachika tawi la Ufaransa. Njia hiyo iliokoa mizabibu, na serikali ya Ufaransa ikampa Riley nishani ya dhahabu.

Lakini katika habari hiyo kuna jambo lingine dogo, nalo ni muhimu kwetu. Mwaka 1873 Riley alituma Ufaransa aina ya utitiri anayekula kile kidudu cha mizizi. Alifikiri hivi: kidudu kilipovuka bahari, kiliwaacha adui zake nyuma, kwa hiyo kinazaana bila kizuizi. Tukimpelekea adui wake, ataanza kazi yake ya zamani. Utitiri alifika, akaishi, lakini hakukishinda kile kidudu. Jaribio halikufaa. Riley hakuliacha wazo lake. Mwaka 1883 aliagiza kutoka Uingereza nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi wa kabichi, na nyigu hao wakakubali nchi mpya ya Amerika. Njia ilikuwa nzuri, ila ilitaka kumpata adui anayefaa.

Kifo cha michungwa

Wakati huo Riley alikuwa amekwisha kuhamia Washington, kama mtaalamu wa wadudu wa serikali ya Marekani. Aliingia kazi hiyo mwaka 1878, akatoka mwaka uliofuata, akarudi mwaka 1881.

Kule California, tangu karibu mwaka 1868, kulionekana mdudu mgeni. Jike lake linakaa bila kuhama ku tawi, linafyonza maji ya mti, na nyuma yake linabeba mfuko mweupe kama pamba. Ndani ya mfuko ule kuna mayai mamia. Mdudu huyu anaacha maji matamu ku majani, juu yake inaota ukungu mweusi kama masizi, na mti unanyauka. Alianza ku miti ya maua, akafika ku michungwa. Katika miaka ya 1880 wakulima walipuliza sabuni, mafuta na dawa za sumu, walifunika miti na mahema na kuingiza moshi wa sumu. Bure. Wengine waling'oa miti yao na kuichoma moto.

Riley alitafuta kwanza mdudu ametoka wapi. Dalili zote zilionyesha Australia. Kule alikuwako, lakini hakuharibu sana. Kwa nini? Lazima kule ana adui. Mwaka 1887 Riley alikwenda Riverside, California, akawaeleza wakulima wazo hilo: mtu atumwe Australia kumtafuta adui huyo.

Hapo kukatokea kizuizi. Sheria ilikataza wizara ya kilimo kutumia feza kutuma watu wake katika nchi za inje. Lakini mwaka 1888 kulikuwa maonyesho makubwa ya mataifa kule Melbourne, Australia, na Marekani ilikuwa inapeleka wajumbe. Kwa njia hiyo zilipatikana dola 2,000, na mtu mmoja wa Riley akatumwa kama mmoja wa wajumbe wale. Mtu huyo ni Albert Koebele, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1853, hodari sana wa kutafuta wadudu porini. Aliondoka San Francisco mwezi wa Agosti 1888.

Vidudu 129

Koebele alikwenda hasa kutafuta nzi mdogo anayetaga ndani ya yule mdudu wa pamba. Riley mwenyewe aliweka tumaini lake zaidi ku nzi huyo. Lakini tarehe 15 Oktoba 1888, katika bustani moja ya Adelaide, Koebele aliona koksineli mdogo, mwekundu na mweusi, wa milimita 3 ao 4, anamla mdudu wa pamba. Jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa vitabuni. Mulsant, Mfaransa wa Lyon aliyechunguza koksineli kwa miaka mingi, alimpa jina mwaka 1850. Watu wamezoea kumwita vedalia.

Koebele aliwafunga katika masanduku, wakavuka bahari. Mara ya kwanza walifika wazima 28, mara ya pili 44, mara ya tatu 57. Jumla 129. Mwenzake aliyebaki Los Angeles, Coquillett, aliwaweka juu ya mchungwa mmoja uliofunikwa na hema, katika shamba la Wolfskill.

Sasa tuone biolojia ya jambo lenyewe, sababu bila hiyo mtu angesema ni muujiza tu. Vedalia jike anataga mayai yake mekundu juu ya mfuko wa yule mdudu wa pamba. Mtoto anapotoka anaingia ndani ya mfuko na kula mayai. Akikua, anakula na mama mwenyewe. Katika joto, toka yai mpaka mkubwa zinapita wiki chache tu, na kila jike linataga mayai mengi. Tena vedalia karibu hataki chakula kingine. Kwa hiyo hapotei kwenda kula vingine. Anamfuata adui wake mpaka ku mti wa mwisho.

Mwezi wa Aprili 1889 wadudu wa pamba ku mti ule walikuwa karibu wamekwisha. Hema ikafunguliwa upande mmoja, vedalia wakaruka ku miti ya jirani. Kufika tarehe 12 Juni, vedalia 10,555 walikuwa wamegawanywa kwa wakulima 208. Watu walikuja na vikopo na masanduku kuomba wachache. Kabla mwaka haujaisha, hatari ilikuwa imekwisha. Wagoni za machungwa zilizotoka wilaya ya Los Angeles zilipanda kutoka 700 mpaka 2,000 kwa mwaka mmoja. Sisi wa mji wa madini na wa reli tunajua maana ya wagoni 2,000.

Heshima ni ya nani?

Furaha ilikuwa kubwa, lakini ilileta ugomvi. Wakulima wa California walimpa Koebele saa ya dhahabu, na mke wake hereni za almasi. Riley, aliyeleta wazo na kufungua njia, aliona watu wa kule wanamsahau. Nao walisema kwamba wao ndio walioikazania safari ile. Lazima tuseme kweli: Riley alikuwa mtu wa kazi nyingi, lakini pia mtu wa kiburi, asiyepatana vizuri na watu. Koebele aliacha kazi yake mwaka 1893, akaenda Hawaii kuendelea na kutafuta wadudu wa faida. Riley naye alijiuzulu mwaka 1894.

Tukiangalia bila upendeleo, nani aliokoa michungwa? Mulsant alitoa jina, Riley alitoa wazo, Koebele alitoa miguu na macho, Coquillett alilinda hema. Na koksineli walikula. Ukiondoa mmoja, kazi inaanguka. Inasikitisha kwamba watu waliojua kupatanisha viumbe bustanini walishindwa kupatana wenyewe.

Riley hakukaa siku nyingi baada ya hapo. Tarehe 14 Septemba 1895, kule Washington, alikuwa anashuka mlima na baiskeli pamoja na mtoto wake. Gurudumu likagonga jiwe barabarani, akaanguka vibaya ku kichwa, akafa siku ile ile. Zilibaki siku 4 tu atimize miaka 52. Aliacha makusanyo yake ya wadudu zaidi ya 100,000, aliyokuwa amekwisha kuyatoa kwa jumba la makumbusho la taifa.

Kazi yake baada ya kifo

Vedalia alipelekwa nchi nyingi. Alifika Cape, Afrika ya Kusini, mwaka 1892. Na ushahidi mkubwa wa kazi yake ulitokea miaka 50 hivi baadaye. Baada ya vita ya 1939 mpaka 1945 wakulima wa California walianza kupuliza dawa mpya yenye nguvu, DDT. Dawa iliua vedalia, na yule mdudu wa pamba akarudi kwa nguvu. Ikawa lazima kuwatafuta vedalia tena na kupunguza dawa.

Huku Afrika ya mashariki pia koksineli amefanya kazi. Katika miaka ya 1940 Kenya ilileta koksineli kutoka Amerika ili kuokoa mijakaranda iliyofyonzwa na mdudu mgeni. Mwaka 1993 uzao wa koksineli hao ulitolewa Kenya na kupelekwa kisiwa cha Saint Helena, ukaokoa miti ya kisiwa hicho ambayo haioti popote pengine duniani.

Na kwetu? Mwaka 1973, katika Zaire ya wakati ule, kulionekana ku muhogo mdudu mweupe kama unga, mgeni kutoka Amerika ya Kusini. Alikunja majani, sombe ikakosekana, njaa ikaingia katika fasi nyingi. Koksineli wa kwetu walimla, lakini walikuja kwa wingi wakati shamba limekwisha kuharibika. Basi watafiti walifuata njia ya Riley: walitafuta fasi alikotoka, wakakuta Paraguay mwaka 1981 nyigu mdogo sana anayetaga ndani yake. Nyigu huyo alifunguliwa kwanza Nigeria, halafu katika nchi nyingi za Afrika, na kwetu pia. Muhogo ukapona. Mara hii si koksineli aliyeshinda, ila swali la Riley lilikuwa lile lile.

Fundisho kwetu

Tusitoke hapa tukifikiri kwamba kila koksineli ni rafiki. Wako wanaokula majani ya maboga, viazi na biringanya. Hao mgongo wao haung'ai, una manyoya mafupi kama kitambaa laini, na mara nyingi madoa yao ni mengi. Wengine walihamishwa bila uangalifu: koksineli mmoja wa Asia alipelekwa Ulaya na Amerika kula vidukari, naye akaanza kula na koksineli wenyeji. Kwa hiyo neno si kuwapenda wote, wala si kuwaponda wote. Neno ni kuwajua.

Mama zetu wanauza lengalenga na kabichi ku soko, na feza ya masomo yetu mara nyingi inatoka pale. Kama vidukari wameingia, kabla ya kununua dawa, tuangalie chini ya majani asubuhi. Ukiona kidudu kirefu cheusi chenye alama za njano, kinatembea kama mamba mdogo, usikiue: ni mtoto wa koksineli, na anakula vidukari kuliko unavyofikiri. Ngoja siku chache, hesabu, andika. Ukipuliza mara moja, utaua askari pamoja na mwizi, na mwizi njo atarudi wa kwanza.

Sulemani alimtuma mvivu kwa chungu akajifunze. Riley alikwenda kwa nzige, kwa utitiri na kwa koksineli, akajifunza, na wengi wakala machungwa kwa sababu yake. Wewe mwanafunzi usiye na darubini wala laboratwari, una macho na daftari. Riley naye alianza na hayo tu.